Njia Waliyoiacha Farasi

Nilikulia Voi, nyumba ya nne kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na tangu utotoni najua kuendesha baiskeli huku sikio moja likiwa nyuma. Lori la makontena linapokuja, kwanza unasikia lami ikivuma, kisha upepo unakupiga ubavuni, kisha vumbi linakumeza. Mwenye busara hushuka mapema, husimama penye majani na kuliacha lipite. Baba aliponinunulia baiskeli nikiwa darasa la sita alinipa sharti moja tu: lori likija, shuka. Mwaka huohuo tulimzika mwenzetu mmoja wa darasa aliyegongwa akitoka dukani, mkate ukiwa kwenye karia. Tangu siku hiyo sharti la Baba sijalivunja.

Ndiyo maana siku ya kwanza kwenye njia ya mfereji wa Nantes hadi Brest, magharibi mwa Ufaransa, shingo yangu iligeuka yenyewe kila baada ya dakika chache. Nyuma hapakuwa na kitu. Palikuwa na njia nyeupe ya changarawe iliyoshindiliwa, maji ya kijani ubavuni mwake, miti ya mwaloni, na alama za matairi yangu mwenyewe. Shingo haikutulia mpaka saa nane mchana. Ilipotulia, masikio yalifunguka. Nikasikia changarawe ikisagika chini ya tairi, samaki akiruka na kuanguka majini, kengele ya kanisa la kijiji nisichokiona. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naendesha baiskeli kwa masikio yote mawili.

Safari yenyewe ilianza mezani kwa dada yangu mdogo. Yeye ni muuguzi mjini Nantes, ameolewa huko, na mwezi Septemba nilikwenda kumtembelea kwa wiki tatu. Jioni ya pili akanitazama nikichezea breki za baiskeli iliyoegeshwa barazani.

"Kaka, bado hamjaachana na baiskeli?"

"Tutaachana kaburini."

"Basi chukua hiyo ya shemeji yako ufuate mfereji. Huko hakuna magari."

"Hakuna kabisa?"

"Utapishana na ng'ombe kabla hujapishana na gari."

Ilikuwa baiskeli ya aina inayopendwa sana Ulaya siku hizi: usukani umepinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi ni pana, milimita 40, lenye meno madogo ya kushika changarawe, breki za diski, na gia nyepesi za kupandia. Shemeji alinifundisha kupunguza upepo kwenye tairi kuliko nilivyozoea, ili likanyage kokoto badala ya kurushwa nazo. Nikafunga mifuko miwili kwenye karia: nguo za kubadili, koti la mvua, tyubu mbili, pampu, viraka na gundi, na chupa ndogo ya mafuta ya cheni.

Kabla sijaondoka, dada alinipeleka ukingoni mwa mto Loire, mahali ambapo hakutaka nipakose. Katika karne ya 18 Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa ya biashara ya watumwa. Leo, kwenye gati lilelile, kuna ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa uliofunguliwa mwaka 2012. Sakafuni vimepachikwa vibao vya kioo 2,000. Kwenye vibao 1,710 kati ya hivyo yameandikwa majina ya meli zilizotoka kwenda kununua na kuuza watu, pamoja na mwaka wa kila safari. Vilivyobaki vinataja bandari na vituo vya biashara hiyo. Unatembea juu yake ukisoma. Sisi watu wa Afrika Mashariki nasi tumo katika habari hiyo, kwani Wafaransa walifika Kilwa mwaka 1776 na kufunga mkataba na sultani wa huko ili wapate watu wa kufanya kazi katika visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Nilisoma majina mpaka giza likaingia. Usiku ule nililala nikiwa na swali moja, nami nikalibeba safari nzima: kila kitu kizuri kilichojengwa, kilijengwa na mikono ya nani?

Asubuhi nilipanda treni hadi Nort-sur-Erdre, mji mdogo kaskazini mwa Nantes. Karibu na hapo, penye lango la maji la Quiheix, mfereji unaachana na mto Erdre na njia ya changarawe inaanza. Kutoka Nantes hadi Brest mfereji una urefu wa takribani kilomita 360, na ulijengewa malango ya maji 238. Sehemu yake kubwa si shimo lililochimbwa, ni mito iliyotiwa adabu: Isac, Oust, Blavet, Aulne na mingineyo, ikazibwa kwa vizuizi, ikanyoshwa, na kuunganishwa mmoja na mwenziwe kwa vipande vya mfereji.

Aliyeamuru ni Napoleon. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, na meli za Ufaransa hazikuweza kupeleka mahitaji Brest, bandari kubwa ya kijeshi iliyo kwenye ncha ya magharibi. Basi ikaamuliwa nchi ipasuliwe katikati, mizigo ipite bara. Kazi ilianza mwaka 1811. Napoleon akaanguka, fedha zikaisha, kazi ikalala, ikafufuliwa, na hatimaye mwaka 1842 mashua ziliweza kupita toka mwanzo hadi mwisho. Vita vilivyouzaa mfereji vilikuwa vimekwisha zamani. Na mwaka 1865 reli ikafika Brest. Miaka 23 tu, na mfereji ukawa tayari umezeeka.

Hata hivyo ulifanya kazi. Matishali yalibeba vigae vya mawe ya kuezekea, mchanga, chokaa, mbao na nafaka, yakikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Njia ya farasi hao ndiyo njia ninayoizungumzia. Ilibidi iwe tambarare, maana farasi anayevuta tishali hawezi kupanda kilima. Ilibidi ifuate maji hatua kwa hatua. Na ilibidi isikatike. Katika karne ya 20 matishali yalipungua mpaka yakaisha, farasi wakaondoka, njia ikabaki. Serikali haikuigawa viwanja wala kuipa magari. Mwaka 2004 sheria za barabara za Ufaransa zilizipa njia za aina hii hadhi yake: njia za kijani, za waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi, marufuku kwa vyombo vya moto. Leo sehemu kubwa ya njia hii, kutoka Nantes hadi Carhaix, ni kipande cha Vélodyssée, njia ya baiskeli inayoteremka pwani yote ya Atlantiki ya Ufaransa mpaka mpakani mwa Hispania.

Mtu anayetaka kuuelewa mfereji asimame kwenye lango moja mpaka mashua ipite. Mimi nilisimama baada ya Blain, nikila mkate na jibini juu ya ukuta wa mawe. Lango la maji ni chumba kirefu cha mawe kilichochimbwa katikati ya mfereji, kikiwa na milango miwili mikubwa, mmoja upande wa juu na mmoja upande wa chini. Mashua nyeupe ya kukodi, yenye mume, mke na watoto watatu, iliingia kutoka chini. Mlinzi wa lango, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, akaufunga mlango nyuma yao kwa kuusukuma kwa mgongo, taratibu, kama mtu anayesukuma gari bovu. Kisha akaenda upande wa juu, akachomeka mkono wa chuma kwenye meno ya gurudumu, akazungusha. Chini ya maji kidirisha kikafunguka. Sikukiona, lakini niliona maji ndani ya chumba yakianza kuchemka bila moto. Mashua ikapanda polepole. Kwanza niliona kofia ya baba, kisha mabega, kisha watoto wakanitazama jicho kwa jicho. Maji ya pande mbili yalipolingana, mlango mzito wa juu ulifunguka kwa mkono mmoja. Hakuna injini iliyowashwa. Maji yenyewe yalifanya kazi yote, mwanadamu alifungua na kufunga tu.

"Kila lango lina nyumba yake," mama yule aliniambia kwa Kifaransa cha taratibu baada ya kutambua kwamba changu ni cha kuunga. "Zamani mlinzi aliishi hapo na familia yake, akalima bustani, akafuga kuku." Nyumba hizo bado zipo ukingoni, ndogo, za mawe. Nyingine zimekuwa migahawa, nyingine nyumba za wageni, na nyingine zimefungwa madirisha. Mwendesha baiskeli huzitumia kuhesabu safari yake. Kila ufikapo lango, njia hupanda au hushuka mita mbili au tatu kwa ghafla, miguu ikahisi, kisha tambarare tena. Hiyo ndiyo milima ya njia hii.

Nililala Redon, mahali mfereji unapokatana na mto Vilaine, na kesho yake nikaufuata mto Oust. Njia inapita chini ya majabali ya Île-aux-Pies, ambako vijana walikuwa wakipanda miamba kwa kamba, sauti zao zikivuka maji. Mchana mvua ilinikuta. Mvua ya Bretagne, jimbo hili la magharibi mwa Ufaransa, haina radi wala kishindo. Inashuka nyembamba kama unga unaochekechwa, na inaweza kuendelea hivyo saa sita. Mchanga ulioshindiliwa ukageuka uji. Ukapanda kwenye cheni, kwenye breki, kwenye chupa ya maji, mpaka kwenye meno yangu. Lakini njia haikutoboka. Wameijenga kwa tabaka, mawe makubwa chini, changarawe katikati, mchanga mnene juu, na mteremko kidogo wa kuyarudisha maji mferejini. Nikitazama kazi ile nilikumbuka barabara zetu za murram ambazo mvua moja ya vuli huzikata vipande viwili. Tofauti si udongo, ni mfereji wa kuondoa maji na mtu wa kuja kuutazama.

Malestroit ilinipokea nikiwa nimelowa chapachapa. Ni mji mdogo wenye nyumba za mbao za zama za kati, na mafundi wa wakati ule walichonga kwenye nguzo zake wanyama wanaofanya kazi za watu: nguruwe jike akisokota uzi, sungura akipuliza ala ya muziki. Miaka zaidi ya 500 wamekaa mvuani wakifanya kazi hiyo. Mwenye nyumba ya wageni alinipa mpira wa maji na brashi kuukuu kabla hajanipa ufunguo. "Baiskeli kwanza," alisema, na alikuwa na haki. Nilisugua cheni pingili kwa pingili, nikaikausha, nikaitia mafuta.

Siku ya tatu jua lilitoka, na kasri la Josselin likatokea na minara yake mitatu ikijitazama majini. Ukoo wa Rohan ungali unaishi humo. Minara ilikuwa mingi zaidi, mpaka mwaka 1629 Kardinali Richelieu alipoamuru kuvunjwa ili kuwanyenyekeza waliopinga ufalme. Kutoka hapo unaelekea sehemu ambayo waendesha baiskeli wote wa mfereji huisimulia. Kati ya mji wa Rohan na Pontivy kuna malango 54 katika kilomita 24 tu. Mashua ikitoka lango moja inaliona la pili. Ni ngazi ya maji inayopanda mgongo wa nchi na kushuka upande wa pili, na ili ngazi hiyo isikauke wakati wa kiangazi, walichimba mfereji mwingine mdogo wa kuleta maji kutoka bwawa la Bosméléac, urefu wake kilomita 63. Nilihesabu malango hadi ishirini na kitu, kisha nikaacha kuhesabu nikawa natazama tu: maji, lango, maji, lango, na korongo mmoja wa kijivu aliyeruka mbele yangu kila nilipomkaribia, akatua, akaruka tena, kana kwamba amepewa kazi ya kunionyesha njia.

Baada ya Pontivy njia inaingia nchi ya vilima na misitu, na hapo mfereji unakatwa. Kati ya mwaka 1923 na 1930 lilijengwa bwawa la umeme la Guerlédan, na maji yakafunika malango 17 pamoja na nyumba za walinzi wake. Mwaka 2015 bwawa lilipokaushwa kwa ukaguzi, watu walimiminika kutazama bonde lililokuwa limezama: malango yamesimama, kuta za nyumba, vigogo vya miti. Nilipopita mimi maji yalikuwa yamerudi, yametulia kama kioo, na mtu asiyeambiwa hawezi kujua kwamba chini yake kuna njia. Mwendesha baiskeli hupanda hadi Mûr-de-Bretagne na kuzunguka ziwa kwa tuta la reli ya zamani, katikati ya miti, hadi kwenye magofu ya abasia ya Bon-Repos, iliyoanzishwa mwaka 1184. Njia imekufa mara moja kwa sababu ya umeme, ikapata uhai kwenye mgongo wa njia nyingine iliyokufa. Hilo lilinikaa moyoni.

Karibu na Gouarec niliingia mgahawa uliokuwa zamani nyumba ya kijiji tu. Mpishi, bibi mwenye nywele nyeupe, alisimama mbele ya bamba la chuma la duara, pana kuliko sinia ya pilau. Alichota uji wa unga wa ngano nyeusi, akaumwaga katikati, na kwa kijiti cha mbao chenye umbo la herufi T akauzungusha mara moja, kifundo cha mkono kikigeuka bila mkono kusogea. Uji ukatandazika hadi ukingoni, mwembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Akapaka siagi ya chumvi, akavunja yai, akakunja pembe nne. Nilipoonja nilifunga macho: ilikuwa chapati ya maji ya mama yangu, iliyoungua kidogo pembeni, yenye ladha ya udongo na njugu. Na kinywaji chake? Bakuli la maziwa mgando. Nilimwambia bibi kwamba kwetu nako watu hula hivi, akafurahi, akaniongezea bakuli la pili bila kuliandika.

Tukazungumza. Aliniambia utotoni alisema Kibretoni tu, lugha ambayo haina undugu wa karibu na Kifaransa. Ndugu zake ni Kiwelshi na Kikornishi vya ng'ambo ya bahari. Mama yake, aliposikika akisema Kibretoni shuleni, alivishwa kitu shingoni, kipande cha kiatu cha mbao kilichofungwa kamba. Akakivaa mpaka amsikie mwenziwe akikosea vilevile, ampe. Mwenye kukutwa nacho jioni ndiye anayeadhibiwa. Niliweka kijiko chini. Babu yangu mzaa mama alinisimulia habari hiyohiyo, neno kwa neno, kuhusu shule yake Taita. Na mimi mwenyewe, katika shule ya bweni, nilivaa kibao cha mbao kwa kusema Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Mimi na bibi wa Bretagne, watu wa mabara mawili tofauti, tulirithi kamba moja shingoni. Kwao watu walianza kuifungua: mwaka 1977 wazazi walianzisha shule za Diwan zinazofundisha kwa Kibretoni, na shule yao ya sekondari ya juu iko Carhaix, mji niliokuwa naelekea. Bibi alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikamwambia "trugarez", asante, neno nililojifunza kwenye kibao cha barabara. Naye akaniuliza kwetu tunasemaje. "Chawucha," nikamjibu, kwa lugha ile niliyovalishwa kibao kwa ajili yake.

Siku iliyofuata nilifika Glomel. Hapa ndipo mfereji unapofika kilele chake, mita 184 juu ya usawa wa bahari, na hapa ndipo swali langu la Nantes liliponisubiri. Ili kuvusha maji kutoka upande wa Blavet hadi upande wa Aulne, ilibidi mlima wenyewe ukatwe. Kazi hiyo ilifanywa kati ya mwaka 1823 na 1832 na wafungwa walioletwa kutoka Brest, miongoni mwao askari waliotoroka jeshi. Walichimba handaki la wazi lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, na penye kina kirefu linafika mita 23, kwa sururu, makoleo na toroli. Watu wa Bretagne huliita mpaka leo handaki la wafungwa.

Nilishuka nikatembea nikiikokota baiskeli. Kuta za udongo zimepanda pande zote mbili, zimefunikwa na miti ambayo mizizi yake inashika kazi ile isibomoke. Maji ni meusi na hayatikisiki. Hata ndege walikuwa wachache. Mita 23 ni nyumba ya ghorofa saba. Fikiria nyumba hizo zikipangwa bega kwa bega kilomita kadhaa, kisha zitoe zote kwa koleo. Nilipofika katikati nilisimama na kuvua helmeti. Utulivu wa njia hii ulinipendeza siku tano mfululizo kama zawadi ya bure, na hapa nilioneshwa bei yake. Hawakuchimba ili mimi niendeshe baiskeli. Walichimba kwa sababu walifungwa, kwa ajili ya vita ambavyo tayari vilikuwa vimekwisha. Anayepita hapa leo kwa raha anadaiwa angalau kujua.

Carhaix ilikuwa kitovu cha reli ndogo za Bretagne ya ndani, zilizokuwa na upana wa mita moja, sawa kabisa na reli waliyoianza Waingereza Mombasa mwaka 1896. Mtandao huo ulifungwa mwaka 1967, na tuta nililozunguka nalo ziwa la Guerlédan ni sehemu ya mabaki yake. Kutoka hapo siku yangu ya mwisho ilikuwa ya mto Aulne, unaojipinda kama nyoka aliyeshiba, njia ikiwa na kokoto zaidi na nyasi katikati, upepo wa Atlantiki ukinipiga usoni. Kwa kilomita themanini hivi nilipishana na mzee akivua samaki, wasichana wawili juu ya farasi, na familia ya Wajerumani iliyobeba mtoto kwenye kigari cha nyuma. Mtoto alikuwa amelala. Jioni niliingia Châteaulin, maji yakinusa chumvi ya bahari iliyo karibu, nikampigia dada simu. "Ulipishana na magari mangapi?" aliniuliza. Kwenye njia yenyewe, siku sita, nilipishana na moja: la mafundi wa mfereji, lililosimama kunipisha.

Sasa naandika nikiwa Voi, na lori linavuma nje. Hapa kwetu pia kuna njia iliyojengwa kwa ajili ya vita. Reli ya Voi kwenda Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kuwapeleka askari wa Waingereza kupigana na Wajerumani wa ng'ambo ya mpaka. Nayo ilichimbwa na kubebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kioo chochote. Kwa miaka mingi hakuna abiria aliyepanda treni hapo. Magugu yamefunika mataruma, na tuta linaendelea kukaa palepale, tambarare, likisubiri.

Reli hiyo ikifufuliwa, nitakuwa wa kwanza kununua tikiti. Isipofufuliwa, tusiiache iliwe na viwanja kipande kwa kipande. Najua mbuga ya Tsavo si Bretagne. Mahali pa tembo tupaache kwa tembo. Lakini kuna sehemu ambako tuta linapita karibu na makazi, na watoto wa huko kila asubuhi wanakwenda shule kwenye ukingo wa lami. Kushindilia changarawe juu ya tuta lililokwisha kujengwa si kazi ya matajiri. Vijana wetu wanaijua kazi ya makoleo na toroli, na safari hii wangeifanya wakiwa huru na wakilipwa. Kinachohitajika ni sheria ya mstari mmoja, marufuku vyombo vya moto, na mtu wa kuzibua mitaro kabla ya masika.

Waheshimiwa wa kaunti, na ninyi wenye dhamana ya reli, nawaomba mwanzo mdogo tu: kilomita kumi, kutoka Voi kuelekea Mwatate. Zipimeni mwaka huu, tuta likiwa bado lipo.